Jiwe Ubavuni mwa Maji

Jumapili, tarehe 2 Februari

Kwako mke wangu mdogo, Kengele,

Salamu nyingi kutoka kwa mumeo wa kwanza, mimi Futi Mia, mchimba visima ambaye hajapata kutokea mwingine na hatatokea, maana hata udongo wenyewe umeomba kupumzika. Mimi mzima, ila magoti. Magoti yanalia kama mlango wa stoo. Bibi yako, mke mwenzio, naye mzima. Yuko hapa ananiangalia ninavyobana kalamu, anasema nimeishika kama sururu. Achana naye. Shule niliiona kwa nje nikipita, herufi nimejifunza kwa kuchora tarehe kwenye saruji mbichi mdomoni mwa visima, na bado naandika barua ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Sasa kesi. Mbona hupigi simu? Tangu utuambie una mimba, mwaka ulipokuwa unakwisha, ulipiga mara moja tu, tena unakohoa, ukasema mafua yamekushika koo. Halafu kimya. Nikipiga mimi anapokea yule mwizi aliyekuiba kwangu mchana kweupe. Mara umelala, mara uko bafuni. Mwanamke gani anaoga hivyo? Umekuwa samaki?

Hebu nikuchekeshe. Juzi simu imelia, namba siijui. Napokea, nasikia dume zima, sauti nzito kama mtu anaburuta debe la kokoto. "Shikamoo mume wangu. Ni mimi, mkeo." Nikasema alaa, leo nimepata mtu wa kucheza naye. Nikamwambia, "Baba, mke wangu ana sauti ya kengele, akitangaza pale stesheni treni zenyewe zinasimama kumsikiliza. Wewe una sauti ya fahali mwenye kikohozi. Umenyoa ndevu leo, bibi harusi, au umenijia nazo hivyo hivyo?" Akasema, "Babu, ni mimi kweli." Nikamwambia kama wewe ni mke wangu basi mimi ni mama yako mzazi, njoo unyonye. Nilimkung'uta maneno mpaka akakata mwenyewe. Mtaa mzima umecheka. Bibi yako peke yake ndiye anayeleta ubishi, eti mbona tapeli ameamkia kwa adabu hivyo, na mbona hakuomba hela. Nikamwambia matapeli wa siku hizi wamesoma.

Basi piga simu. Na kama umeninunia, useme nimekosa nini, niombe radhi halafu nirudie.

Mumeo halali,
Futi Mia


Ijumaa, tarehe 14 Februari

Shikamoo Babu, mume wangu mzee, na shikamoo kwa mke mwenzangu,

Sijanuna. Simu yangu imeingia maji, fundi ameifungua, ameifunga, amesema haiponi. Tuandikiane tu. Barua si mbaya, mtu anapata nafasi ya kufikiri kabla hajasema.

Kazini wamenitoa kwenye kipaza sauti kwa muda. Mkuu wa stesheni amesema nipumzishe koo. Sasa niko chumba cha mizigo, nabandika namba kwenye masanduku ya watu. Ni chumba kirefu, kina harufu ya ngozi na kamba mbichi, na dirisha moja dogo juu. Treni nazisikia zikitangazwa na mtu mwingine. Anakosea majukwaa. Juzi amewapeleka abiria jukwaa la pili wakati treni ilikuwa la nne, nikaona watu wanakimbia na watoto mgongoni, nami nimekaa na gundi mkononi.

Nachoka sana, Babu. Wanasema mimba changa inachosha. Huenda ni hiyo.

Mwizi wako hajambo. Anachomelea geti la shule, anarudi macho mekundu, anakula, analala.

Nakuuliza kitu. Yule tapeli, kabla hajakata simu, alisema neno lingine? Naulizia tu.

Na kuna ubishi huku kwenye mizigo, nimewaambia nitamuuliza bingwa. Mtu anachimba kisima. Ameshayaona maji, kidogo tu, lakini yapo. Sasa ubavuni mwa maji kuna jiwe. Hakuna anayejua ni jiwe la kawaida la kukaa tu, au ni bovu la kuja kuangusha kisima kizima. Akilitoa, maji yanaweza kupotea. Akiliacha, huenda likamwangukia. Wengine wanasema litolewe haraka, wengine wanasema liachwe. Wewe ungefanyaje? Usinijibu kwa mzaha, watu wanasubiri.

Mkeo mdogo


Jumapili, tarehe 23 Februari

Kengele wangu,

Hapo sasa umebisha hodi kwa mwenyewe! Bibi yako nimemwambia anyamaze, leo naandika kitaalamu.

Waambie hao wabishi wavute mabegi wakae. Kulikuwa na kiwanda cha sabuni, kinataka kisima. Mimi nimeshuka mpaka chini kule ambako jua linaonekana kama kifungo cha shati. Nikapata maji, membamba, yanatoka kama machozi ya mtoto mwenye kiburi. Na pembeni yake jiwe, bwana! Jeusi, linang'aa, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Juu kuna injinia, miwani huku, karatasi huku, anapiga kelele, "Livunje! Livunje!" Nikamwambia shuka wewe ulivunje. Akaangalia viatu vyake. Basi nikaweka shavu langu kwenye jiwe, hivi, nikalisikiliza. Mimi mawe nayasikia, usinicheke. Nikaliona limekaa kwa amani na maji yake, kama mke na mume waliozeeka. Nikalipita kwa pembeni, pole pole. Kisima kile kinatoa maji mpaka leo, na injinia akaja kunishika mkono huku kashika kofia kifuani.

Kwa hiyo jibu ni hili, na uwasomee kwa sauti: Futi Mia amesema jiwe halivunjwi. Ukiligonga, maji yanashtuka yanakimbia. Mwenye kisima akae kimya, avumilie, na anayemjia na nyundo amfukuze. Bingwa amesema, ubishi umefungwa.

Yule tapeli alisema, "Samahani, Babu." Kisha akakata. Nimecheka wiki nzima. Mwizi anayeomba samahani!

Na koo lako litapona, unywe vitu vya moto. Watakurudisha kwenye kipaza sauti wakichoka kupotea.

Mumeo,
Futi Mia


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shikamoo Babu,

Barua imefika. Ubishi umekwisha. Nimewaambia bingwa amesema jiwe haliguswi, na mimi niko upande wa bingwa.

Asante. Umenipunguzia mzigo, nilikuwa nimechoka kufikiri.

Msalimie mke mwenzangu.

Mkeo mdogo


Jumapili, tarehe 9 Machi

Shikamoo Mzee,

Ni mimi, mwizi wako. Mimi ni mtu wa chuma, kuandika siwezi kama wewe, lakini leo lazima niandike, na mkeo mdogo hajui kama naandika.

Mzee, hakuna ubishi wowote wa kisima kule kazini. Jiwe liko tumboni mwake.

Simu yake nzima. Hataki kuongea nayo. Sauti imembadilika tangu mwezi wa kwanza. Ilianza kama mafua, tukanunua dawa ya kikohozi chupa kwa chupa, ikazidi kwenda chini, mpaka sasa mtu akimsikia bila kumwona anajua ni mwanaume. Na nywele zimemtoka kidevuni. Anajifungia bafuni na wembe wangu, nikigonga anafungua maji. Pale stesheni alipotangaza treni ya asubuhi abiria waligeuka wakacheka, wengine wakapiga miluzi. Wenzake wakamwita Bwana Mtangazaji. Mkuu akamtoa.

Yule tapeli alikuwa mkeo, Mzee. Alipiga kwa simu ya ofisini. Alikuwa ametoka hospitali siku hiyo, wewe ndiye mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia.

Ni hivi. Tulikwenda kliniki ya wajawazito, daktari mmoja, mama wa makamo, alimsikia anavyojibu salamu, akaacha kila kitu. Akampiga picha ya tumbo. Mtoto yupo, mzima, moyo unadunda tuliuona. Na kwenye kifuko cha mayai, upande wa kulia, kuna uvimbe mkubwa kama ngumi yangu. Daktari anasema ndio huo unaotoa kitu kama cha mwili wa kiume na kukimwaga kwenye damu. Anasema ni wa nadra sana, tena kwa mwenye mimba, yeye kwa miaka yote ya kazi ameuona kwa mtu mmoja tu. Kuna aina moja inatulia na kunywea yenyewe mtoto akishazaliwa. Kuna nyingine ni mbaya, inasambaa. Kwa nje zinafanana. Picha alizoziona zinamtia wasiwasi kwamba ni hii ya pili, na uvimbe umekua tangu kipimo cha kwanza. Mpaka watoe ndipo wajue. Na wakati mzuri wa kutoa ni sasa, mimba ikiwa mwezi wa nne, mtoto ameshashika na tumbo halijajaa. Baadaye itakuwa ngumu.

Lakini kisu karibu na mtoto ni kisu karibu na mtoto. Daktari hakuficha, alisema mimba inaweza kutoka. Unakumbuka ile ya kwanza tuliyoipoteza. Alikaa miezi bila kufungua madirisha.

Mimi nilikuwa nimeshamshawishi. Tulikuwa tumekubaliana na daktari. Halafu ikaja barua yako ya kiwanda cha sabuni. Tangu siku hiyo anasema hapana. Nikimgusia ananisomea maneno yako, neno kwa neno, na ile sauti. Jana daktari alitupigia, amemkatia simu. Anasema anayekuja na nyundo afukuzwe.

Mzee, sina mtu mwingine wa kumwambia. Mimi hanisikii. Nimechoka mpaka jana nimechomelea bawaba upande ambao si wake, geti limefungukia ukutani.

Mwizi wako


Jumatano, tarehe 12 Machi

Mkwe wangu,

Leo sina neno la mwizi.

Nimeisoma yako mara nyingi, nikampa bibi yake akanikumbusha kwamba hajui kusoma, nikasahau hata hilo, miaka yote nimelala naye. Nikamsomea. Ameinuka ameanza kufunga mzigo wake. Anakuja kwa treni ya Ijumaa. Ukamsubiri jukwaani mwenyewe, usiamini kinachotangazwa.

Mimi ningekuja, magoti hayakubali ngazi za treni. Barua hiyo nyingine humu ndani ni ya mkeo. Usiifungue. Mpe mkononi.

Babu yenu


Jumatano, tarehe 12 Machi

Mjukuu wangu,

Nimeambiwa. Usimgombeze mumeo, ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Yale ya kwenye simu nimeyarudia kichwani, lile la ndevu, lile la fahali. Kila nikifika hapo naamka kwenye kiti naenda kusimama mlangoni. Sina la kusema juu yake. Nimelisema mimi, umelisikia wewe.

Lakini hilo liache. Nakuandikia kwa ajili ya jiwe.

Sikiliza. Kile kisima cha sabuni nimekisimulia kwa watu wengi kuliko waliokunywa maji yake. Wenye haraka nawaambia nililivunja jiwe kwa pigo moja. Wanaopenda huruma nawaambia nililisikiliza kwa shavu. Jiwe lenyewe kuna siku ni ng'ombe, kuna siku ni nyumba. Wewe umeuliza bila mzaha, mimi nikaona uko na watu wa mizigo, nikatafuta lile litakalowafanya waache masanduku wanisikilize. Ungeniuliza siku nyingine ningekujibu kinyume chake, na ningeapa vile vile.

Haya basi, tuseme ilikuwa kweli kama nilivyosema. Mimi shimoni nikikosea nashika kamba, navutwa juu, natema vumbi, kesho nachimba hatua kumi pembeni. Wewe huna pembeni. Mtoto huyo akikukosa wewe naye hana pa kwenda. Tumbo si shimo. Nilikuwa sijui kama kuna mtu ananisikiliza kwa tumbo.

Sasa unaniuliza jiwe litolewe au liachwe. Sijui. Bibi yako anasema hajawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nalo hili hapa nimeliandika kwa mkono wangu, litazame. Sijui, mjukuu wangu. Sijui kitu. Huyo mama daktari uvimbe kama huo ameuona mara moja. Mara moja ni nyingi kuliko mimi ambaye sijauona kabisa. Muulize yeye yote unayoyaogopa, mkalishe, asiondoke mpaka amejibu, na akijibu hilo ndilo jibu, si langu.

Ukikataa baada ya kumsikiliza yeye, nitanyamaza, litakuwa lako. Lakini usikatae kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa anawachekesha watu ambao hata hawapo.

Nimechoka kuandika.

Babu yako


Jumatano, tarehe 19 Machi

Shikamoo Babu,

Bibi amefika. Nilimfungulia mlango nikiwa nimefunga kitenge mpaka puani. Aliniambia toa. Nikatoa. Akanishika kidevu kama anavyoshika embe kuona limeiva, akageuza huku na huku, akasema, "Wembe wa huyu bwana ni butu, unakukwangua. Nitakununulia wako." Halafu akaomba maji ya kuoga. Nilicheka, Babu. Nikasikia kicheko changu kilivyo, nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Nikaendelea.

Nimesoma barua yako. Nimekukasirikia, na nataka ujue. Si kwa ile simu. Ile simu hukujua. Nimekukasirikia kwamba nilikuwa na jibu moja duniani la kuegemea, nalo umeliondoa. Unajua nilikuwa nimechoka kiasi gani? Kila mtu ananiuliza mimi. Daktari anasema uamuzi ni wako mama. Mwizi anasema uamuzi ni wetu halafu ananiangalia. Nilitaka mtu mmoja aniambie fanya hivi, hata kama ni kwa hadithi. Na moyoni nilijua ni hadithi, Babu. Nimekua juu ya mapaja yako. Lile jiwe uliponisimulia mimi mdogo lilikuwa mamba.

Sikuwa najidanganya kwamba unajua. Niliogopa tu. Nikikataa, na mtoto akakaa, nitakuwa nimemwokoa mimi. Nikikubali, na mtoto akatoka, nitakuwa nimemtoa mimi. Ukilipima hivyo unaona ni afadhali kukataa. Mwenyewe sikujiweka kwenye mzani.

Jana nimekwenda kwa yule mama daktari na Bibi. Nilimkalisha kama ulivyosema. Nikamuuliza yote. Nilimuuliza na lile nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba kama ni mtoto wa kike, hiki kinachonifanya mimi kuwa hivi hakitamgusa? Akasema kinaweza, ila mara nyingi kondo la nyuma linamkinga, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa. Nikamuuliza sauti yangu itarudi. Akavua miwani. Akasema nywele zitapungua, sauti huenda isirudi. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Bibi alimuuliza swali moja tu. "Angekuwa binti yako?" Yule mama akasema, "Ningekuwa nimeshamlaza kitandani."

Nimekubali. Jumanne asubuhi.

Usiniite Kengele tena, tafadhali.

Mjukuu wako


Jumatano, tarehe 26 Machi

Shikamoo Mzee,

Haraka haraka, niko kwenye benchi la hospitali. Wametoa. Uvimbe na kifuko cha upande ule mmoja, vyote kwa pamoja, na uvimbe haukupasuka. Daktari alitoka amelowa jasho, akasema kifuko kingine kilichobaki kinaonekana safi. Uvimbe wameupeleka kupimwa mbali, huku hakuna wa kuusoma vizuri.

Moyo wa mtoto bado unadunda. Leo tu, kesho hatujui. Mama yake amewekewa dawa ya kuzuia tumbo lisikaze. Bibi amelala sakafuni chini ya kitanda chake, manesi wamemfukuza mara tatu, sasa wameamua kumruka.

Nitaandika.

Mkweo


Jumamosi, tarehe 19 Aprili

Wajukuu zangu,

Hamjaandika. Nasema labda posta. Kila siku nasema labda posta.

Nyumba hii bila mke mwenzio ni sufuria moja na mimi. Napika napika naunguza. Jirani amekuja jana kuuliza habari zenu, nikafungua mdomo kumpa ile hadithi yangu ya nyoka wa shimoni, nikasahau nyoka yule alifanya nini.

Andikeni hata mstari. Hata kama ni mbaya. Simu nimeiweka mezani, nimeitazama, nimeona nisipige. Nasubiri wewe upige siku utakayotaka, kwa sauti yoyote uliyonayo, na usipotaka nisubiri hivyo hivyo.

Babu


Jumanne, tarehe 29 Aprili

Shikamoo Babu,

Samahani. Nilikuwa sina cha kuandika ambacho kisingegeuka kesho yake. Tumbo lilikaza, likaachia, likakaza. Nimelala chali mpaka naujua ufa wa dari ya wodi kama njia ya nyumbani.

Majibu yamerudi. Ilikuwa ile aina ya pili, Babu. Ile mbaya. Lakini imekutwa bado imejifunga ndani ya ganda lake, haijatoka. Daktari anasema kwa sasa hakuna dawa kali, tunasubiri mtoto, kisha wataniangalia tena, na tena, miaka. Alisema ningesubiri mpaka kuzaa ingekuwa mazungumzo mengine. Hakuyataja ni yapi. Mwizi alitoka nje akaenda kushika ukuta.

Mtoto anacheza. Bado yumo.

Mjukuu wako


Jumapili, tarehe 17 Agosti

Shikamoo Babu,

Amezaliwa siku ya Jumatano, mapema kidogo. Wa kike. Mdogo, mwekundu, ana hasira kama wewe. Yule mama daktari alimgeuza akamkagua kila mahali chini ya taa, mimi nimeshika shuka kwa meno, kisha akamrudisha kifuani kwangu akasema, "Msichana tu. Hana lolote."

Mimi nimepigwa picha tena. Safi kwa sasa. Nimejifunza kulipenda hilo neno, kwa sasa.

Kipaza sauti wamempa mtu mwingine moja kwa moja. Mkuu alikuja na matunda kuniambia. Sikubishana, sina nguvu hizo. Nitarudi mizigoni likizo ikiisha. Nywele za kidevuni zimeanza kuwa chache. Sauti imekaa pale pale. Nikimwimbia mtoto, mgonjwa wa kitanda cha pili anatafuta baba yuko wapi. Yeye ananigeukia. Hajui kama nilikuwa na nyingine.

Bibi anarudi kwako Jumatatu ijayo. Ukampokee, na usafishe sufuria.

Mjukuu wako


Jumanne, tarehe 26 Agosti

Mjukuu wangu,

Bibi yako amefika, amekonda, ameangalia sufuria, amekaa chini. Amelala tangu saa nane mchana. Nami naandika taratibu nisimwamshe.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nikajikokota nayo mpaka pale kwa fundi baiskeli, penye benchi, ambapo wazee wenzangu wanakaa kunisubiri niwadanganye. Nimekaa. Wakanipisha katikati. Wameona nina barua mfukoni, wakajua leo kuna kubwa. Fundi mwenyewe akaacha gurudumu.

Nikaanza. "Mnamjua mjukuu wangu," nikasema, "yule wa stesheni." Wakasema tunamjua. Nikasema, "Alikuwa na mimba, akapata uvimbe." Wakasema enhe. Na hadithi nilikuwa nayo, mjukuu wangu, nilikuwa nimeitengeneza njia nzima. Nilikuwa nimemwandaa daktari mrefu kama nguzo, na umeme umekatika, na mimi nimefika kwa miguu. Ilikuwa nzuri. Ingewatoa machozi.

Nikaishika barua yako humo mfukoni.

Wakasubiri. Mmoja akasema, "Futi Mia, enhe?"

Nikasema, "Walimpasua. Amepona kwa sasa. Mtoto yupo, wa kike."

Wakasubiri tena. Fundi baiskeli akauliza, "Halafu?"

Nikamwambia, "Basi. Ni hivyo tu."

Wakatazamana, wakadhani naumwa. Nikakaa nao mpaka jua likahama benchi, fundi akarudi kwenye gurudumu lake.

Babu yako